Maneno Niliyomtumia Mama Kule Kagunga

Mmeniuliza mara nne kwenye kundi letu safari ilikuwaje, na mara nne nimewajibu kwamba tumefika salama. Jana Neema akanipigia kuuliza kama nimekasirika, na kile kitabu chenye jalada la zambarau kiko wapi, maana zamu ya kukisoma ni ya Hadija. Ndiyo, nimekasirika. Nimekasirika tangu Uvinza na mpaka leo sijapoa. Mama amelala chumba cha pili, mimi nimekaa mezani, naandika yote kwa mkupuo mmoja ili nisije nikaulizwa tena.

Dodoma hadi Tabora

Mlinisindikiza stesheni, nawashukuru. Neema alinikumbatia akanipa kitabu, na ndani mlikuwa mmepigia mstari sentensi mnazozipenda, Neema kwa kijani, Hadija kwa nyekundu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Mwaka mzima kitabu kile ndicho kilichotuamsha. Kila asubuhi mmoja wetu alichagua sentensi, akaiweka kwenye kundi na picha ya ua au ya jua likichomoza, na mimi nikaisambaza kwa kila niliyemkumbuka. Niliwatumia wanafunzi wangu wa cherehani, niliwatumia majirani, na nilimtumia Mama kule Kagunga kupitia simu ya jirani yake, Mama Riziki, anayeuza dagaa. Mama hajui kusoma. Mama Riziki alikuwa akimsomea, kisha anamweleza kwa Kiha. Nilijiona binti mwema. Sikuwa nimekwenda nyumbani miaka mitatu, lakini kila siku neno langu lilifika.

Nilikuwa nasafiri kwa sababu ya ujumbe wa maneno manne kutoka kwa huyo huyo Mama Riziki: "Mguu wa mama. Njoo." Mama ana sukari, mnajua. Kwa miezi miwili hakuwa amenitafuta hata mara moja. Nikipiga, anaitikia salamu, anasema yupo, anairudisha simu kwa mwenyewe. Kwa hiyo nilipanda treni nikiwa tayari nimemkasirikia. Nilijiambia huyu mwanamke ana kiburi cha kwao, atakufa amekaa kimya ili tu asimsumbue mtu.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Kaliua mwenye dumu la asali miguuni. Alipoona kitabu na mistari yake ya rangi, akaamua mimi ni mhubiri. Nilimkatalia. Akasema unyenyekevu wangu unaonyesha nina upako, akaomba nimwombee mkwe wake ambaye hajapata mtoto. Nikamkatalia tena. Mwishowe nikamwombea ili anyamaze, akalia kidogo, na kwa shukrani akanimiminia asali kwenye kifuniko cha chupa yangu ya chai. Treni ikatikisika, asali yote ikaingia kitabuni. Alipangusa kwa mkono wa shati, akazidi kuisambaza. Kurasa za Neema zile za kijani zikagandana tangu siku hiyo, na nikimkumbuka mzee yule sina kinyongo naye.

Uvinza

Uvinza tulisimama. Mvua ilikuwa imekula kokoto chini ya reli huko mbele, na mafundi walikuwa wanajaza. Tulifika saa mbili asubuhi, tukaondoka jioni jua linazama. Kwa siku kama ile mtu hutafuta wa kumlaumu, na hapakuwa na wa kulaumiwa. Wanawake walikuja kando ya mabehewa na mihogo ya kuchemsha, uyoga na chumvi ya pale pale. Nilinunua muhogo, sikuumaliza.

Nikafungua kitabu mahali ambapo asali haikufika. Mstari mwekundu wa Hadija: "Hakuna kuchelewa. Kuna saa yako na saa ya ulimwengu, na ya ulimwengu haijawahi kukosea." Nilisoma mara mbili. Kisha nikafikiria mguu wenye kidonda cha mtu wa sukari, katika joto la ziwani, na saa zinazopita. Hapo ndipo hasira zilipoanza rasmi. Niliwaandikia kwenye kundi kwamba tumekwama, na Neema akanijibu kwa dakika moja: "Ulipo ndipo ulipopaswa kuwa." Nikaizima simu nisije nikamtukana mtu wa watu.

Mwuza chumvi mmoja, mwanamke wa umri wangu, alikuwa amekaa chini ya dirisha langu akipunga inzi. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia Kagunga, mama yangu anaumwa mguu. Hakuniambia neno lolote la kunipa moyo. Aliniuliza kidonda kiko wapi, kwenye unyayo au juu. Aliniuliza nani anamchotea maji, nani anampikia, anatembeaje kwenda chooni. Maswali yote manne sikuwa na jibu hata la moja. Mimi niliyemtumia mama yangu maneno kila asubuhi kwa mwaka mzima sikujua nani anamchotea maji. Mwuza chumvi alinitazama, akanipa muhogo mwingine bure, akaenda behewa linalofuata.

Kigoma na Ujiji

Tuliingia Kigoma boti ya Kagunga ya siku ile imeshaondoka. Nikaenda Ujiji kwa Zaituni, mdogo wake Mama, aliyeolewa kule tangu ujana. Mama mdogo hatoki tena nyumbani, nyonga zimemkataa, lakini jikoni bado ni yeye yule yule. Aliniwekea ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyochomwa kisha ikapitishwa kwenye mawese na nyanya. Nilikuwa sijala chakula cha maana siku mbili, nikala kama aliyetoka kifungoni.

Lakini hakunichekea. Mtu aliyenibeba mgongoni aliitikia shikamoo yangu akiwa anatazama sufuria. Nilipomuuliza hali ya Mama, akasema, "Wewe ndiye unayemwongoza siku hizi. Mimi usiniulize."

Nilidhani ni wivu. Nilidhani amesikia kwamba nilimpelekea Mama godoro mwaka juzi, yeye nikampelekea kitenge tu. Nikaanza kujieleza kuhusu godoro, akanitazama kama ninayeongea na ukuta, akasema nile nikalale. Nikalala nimemkasirikia na yeye pia. Kufika hapo, kwa hesabu yangu, ukoo mzima ulikuwa na makosa isipokuwa mimi.

Kibirizi hadi Kagunga

Boti za kaskazini huondokea Kibirizi. Ni mitumbwi mikubwa ya mbao yenye injini, na inapakia kila kitu: magunia ya unga, kreti za soda, mabati, mbuzi, watu. Tuliambiwa inaondoka saa nne, tukaondoka saa saba. Nikasimama majini mpaka magotini nikisubiri, na ndipo nikaona jambo nililolikulia na kulisahau kabisa.

Watu walikuwa wanakuja kwa nahodha kumpa maneno. Simu zimefika, ndiyo, lakini si kila mtu wa kule ana simu, na vijiji vingine mtandao unashika mahali pamoja tu juu ya kilima. Kwa hiyo neno bado linapanda boti. Mmoja akamwambia nahodha, mwambie kaka yangu pale Mtanga asiuze mahindi. Mwingine, mwambie mama wa Mwamgongo atume ile mikeka miwili. Hakuna aliyetuma salamu peke yake. Salamu huenda na kazi. Kwetu mtu akikutumia neno kutoka mbali, anataka ufanye jambo au uache jambo, na wewe huulizi maswali, kwa sababu huenda aliyelituma ameona usichokiona.

Kila kijiji tulichofika, nahodha alisimama kwenye ukingo akayatoa maneno kwa sauti, jina baada ya jina. Mwamgongo palikuwa na mwanamume aliyekuja na furushi kichwani, mguu mmoja umeshaingia majini ili apande. Nahodha akamwambia, shemeji yako wa Kibirizi anasema usisafiri wiki hii. Yule mtu hakuuliza sababu. Aligeuka na furushi lake, akapanda mchanga, akaenda zake. Nikacheka. Nikamwambia jirani yangu kwenye boti, ona watu wa kwetu, hata kuuliza kwa nini. Nawaandikia haya ili mjue kwamba nilicheka.

Wimbi lilituchapa baada ya Mwamgongo, mbuzi mmoja akanitapikia kwenye sketi. Nikajaribu kuwasha simu nipate sentensi ya kunituliza, mazoea hayo, mtandao haukuwepo.

Kagunga

Kagunga imebanwa kati ya mlima na maji, na harufu ya dagaa inakupokea kabla ya watu. Mama Riziki alikuwa pwani. Hakunipa hata nafasi ya kutua mzigo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikatazwa kuniandikia, na ameandika hivyo hivyo, na kama Mama atamkasirikia basi amkasirikie.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, mguu wa kushoto umefungwa kipande cha kanga. Alichubuka kwa msumari wa chanja, vile vichanja vya waya wanavyoanikia dagaa. Alinyoosha mikono yote miwili, akanishika juu ya viwiko kama wanavyosalimiana wanawake wa kwetu, tukasalimiana kwa Kiha salamu yote, watoto, wanafunzi, majirani, mvua, bila kuruka hata moja. Muda wote huo nilikuwa nanusa mguu. Nilifungua kile kitambaa. Vidole viwili vya mwisho havikuwa na rangi ya vidole.

Nikamlipukia. Nilimwuliza kwa nini hakwenda Kigoma. Nilimwuliza kwa nini alikaa kimya miezi miwili kama sina maana kwake. Nilipaza sauti mbele ya majirani, kitu ambacho binti hafanyi. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nilikuwa nasubiri uniruhusu, mwanangu."

Sikuelewa. Mama Riziki ndiye aliyetoa simu yake, akainama karibu yangu, akaanza kunionyesha meseji zangu mwenyewe, moja moja.

Kulikuwa na ile ya mwezi wa kwanza wa mvua: "Achilia usichokihitaji, na mikono yako itapata nafasi." Mama alipoelezwa, alikaa siku mbili akiwaza nimeona nini huko Dodoma. Kisha akagawa sufuria mbili, mwavuli, na redio ya marehemu baba. Redio alimpa Mama Riziki, ambaye aliikubali kwa sababu hakuna anayebishana na agizo la binti wa mtu, lakini hakuiwasha hata siku moja. Ilikuwa kwake imefungwa kwenye kanga, inasubiri nibadili mawazo.

Kulikuwa na ile niliyoipenda kuliko zote, niliyoishona hadi kwenye kitambaa cha meza: "Kaa kimya. Majibu humjia asiyeuliza." Tangu siku ile Mama hakuniomba kitu, hakunieleza kitu, na alimkataza Mama Riziki kunieleza. Zaituni kule Ujiji alipompigia kumwuliza kwa nini haji kutibiwa, alimjibu kwamba mimi ndiye ninayemwongoza.

Na kulikuwa na ya tatu. Mganga wa zahanati alikuwa amemsafisha kidonda mara kadhaa, akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Kigoma. Mama alifunga mzigo. Asubuhi ya boti alikuwa pwani, ameshika mkongojo, watu wamemwandalia mahali pa kukaa. Mama Riziki akateremka mbio na simu mkononi, kwa sababu neno langu lilikuwa limeingia wakati ule ule, na neno la mtu aliye mbali halicheleweshwi. Lilisema: "Maumivu ni mwalimu. Usimfukuze kabla hajamaliza somo."

Mama aliuliza kama ni mimi kweli. Mama Riziki akasema ni namba yangu. Mama akamshukuru nahodha, akageuka na mzigo wake, akapanda mchanga akarudi nyumbani.

Wenzangu, ile siku ilikuwa zamu yangu. Niliichagua sentensi ile nikiwa kitandani, jicho moja limefumba, kwa sababu ilikuwa fupi. Nikaongeza picha ya ua la waridi. Mlinijibu mioyo na mikono ya kuomba, tukaenda kazini.

Sijui niseme nilikasirika vipi, kwa sababu hasira zote nilizobeba tangu Dodoma, za Mama, za Zaituni, za reli, zilikuwa zimekosa pa kwenda zikanirudia mwenyewe. Nilitoa kitabu kwenye mkoba nikasimama nikitupe ziwani. Mama akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ndicho kitabu chenye maneno yale. Akauliza ni changu. Nikasema ni cha rafiki zangu. Akasema, "Basi usikitupe. Kitu cha watu hurudishwa." Nikakirudisha mkobani.

Nilikaa chini nikamweleza. Nikamwambia maneno yale hayakuwa yake. Yaliandikwa na mtu asiyemjua, kwa watu asiowajua, na sisi tunatumiana asubuhi ili kuchangamka. Mama akauliza, "Kama hayakuwa yangu, kwa nini ulinitumia?" Mama Riziki akatazama pembeni kunisitiri.

Nikamwambia tunaondoka na boti ya asubuhi. Akatikisa kichwa. Alisema hawezi kufuata maneno mawili yanayopingana, la kwanza linasema usifukuze maumivu, la pili linasema kapande boti, na yeye amelishika la kwanza miezi miwili na limemgharimu. Hapo niliogopa kweli. Niliona kwamba anaweza kukataa, na akikataa hapo hakuna mtu atakayembeba kwa nguvu, na ninyi mtakuja kunipa pole.

Kisha akaniuliza, "Hili la boti limetoka kitabuni au limetoka kwako?"

"Limetoka kwangu, Mama."

"Umelisema mwenyewe?"

"Nimelisema mwenyewe. Nakuomba upande boti."

Akanyoosha mkono. "Basi niinue, nikachukue barua ya zahanati."

Kurudi

Hospitali walikata vidole viwili. Daktari, kijana mpole asiyetazama pembeni anapoongea, alisema mguu umepona kwa bahati, na kwamba angefika siku ile ya barua wasingekata kitu. Nilimwomba arudie, akarudia.

Tulikaa Ujiji wiki tano. Zaituni alisikia yote kutoka kwa dada yake, akanicheka usoni mpaka akashika nyonga, kisha akanisamehe kwa sahani ya dagaa wa mawese. Redio ilitufuata kwa boti, na neno la Mama Riziki kupitia nahodha: hakikisheni mnaiweka betri mpya. Tukaiweka. Treni ya kurudi haikusimama popote pasipostahili, na sina la kuisema.

Kitabu kiko hapa mezani. Hadija, njoo ukichukue, kurasa za katikati zitahitaji mvuke wa birika. Mimi mniondoe kwenye zamu ya asubuhi. Mkitaka kuniandikia, niandikieni mmekula nini, au niulizeni nani anamfunga Mama kidonda. Ni mimi, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Na Neema, kuna jambo nilikuficha Jumamosi. Ulikuja na mapapai, ukakaa kitandani kwa Mama, ukamshika mkono. Najua una moyo mzuri. Ulitazama bandeji, ukamwambia lile la ukurasa wa mwisho, "Kilichoondoka hakikuwa chako." Mama anakisikia Kiswahili vizuri, ila mbele ya mgeni huona haya kukijibu, kwa hiyo alinigeukia akaniambia neno kwa Kiha. Ukaniuliza amesema nini, nikakujibu anakushukuru.

Hakuwa anakushukuru. Alikuwa ameurudisha mguu chini ya shuka, akaniuliza, "Huyu naye anataka nifanye nini?"